Tundu, Mfereji na Mahali Vinapokutana

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kwenye karakana moja ya kukereza vyuma. Mkononi alikuwa na mchoro wa kibebeo cha beringi cha mashine ya kupukuchua mahindi, kazi iliyomchukua muhula mzima. Kwenye kioo cha kompyuta kipande kile kilikuwa kimekamilika. Mfereji ulipita juu yake kutoka upande mmoja hadi mwingine, bega moja lilikatwa mteremko ili kupunguza uzito, matundu mawili ya bolti yalishuka wima kupitia mteremko huo, na pembeni kulikuwa na mashimo mawili ya mraba yaliyotenganishwa na ukuta wa milimita 2. Vipimo vyote vilikuwa sahihi. Mchoro ule niliusahihisha mimi mwenyewe, na niliupa alama za juu.

Fundi aliutazama kwa muda usiozidi dakika mbili. "Mwanangu," alimwambia mwanafunzi, "biti ikigusa huu mteremko itateleza. Itapinda au itavunjika. Na hata tundu likitoboka, kichwa cha bolti utakikalisha wapi?" Kisha akaweka kidole kwenye ule ukuta mwembamba. "Huu nao, nikianza kuchonga shimo la pili, utatetemeka kama bati la paa." Mwanafunzi alinigeukia. Sikuwa na la kumwambia, kwa sababu maswali yale nilipaswa kuyauliza mimi darasani na sikuyauliza.

Kosa la mchoro ule halikuwa kwenye tundu, wala kwenye mteremko, wala kwenye shimo. Kila umbo, likitazamwa peke yake, lilikuwa halali. Kosa lilikaa mahali maumbo yalipokutana. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba elimu yetu ya ufundi, ununuzi wetu wa mitambo na mipango yetu ya viwanda vinarudia kosa lile lile la mchoro ule: vinahesabu maumbo, na havijui kuainisha miingiliano yake.

Niwaombe uvumilivu wasomaji ambao si wahandisi, kwa kuwa sina budi kulieleza jambo lenyewe kabla ya kulifanya hoja ya umma. Mhandisi anapochora kipande cha chuma kwenye kompyuta, anajenga kitu chenye ujazo, na kompyuta inakihifadhi kama orodha ya nyuso, kingo na pembe, pamoja na taarifa ya uso upi unapakana na upi. Katika orodha hiyo hakuna neno "tundu". Kuna uso uliojiviringisha kama bomba na kingo mbili za duara. Neno "tundu" ni letu sisi watu, na tunalihitaji kwa sababu limebeba kazi ndani yake. Anayesikia tundu anafikiria keekee na biti. Anayesikia mfereji anafikiria mashine ya kuchonga na kikatio kinachosogea mfululizo. Vipande hivi vya maana, yaani matundu, mifereji, mashimo, ngazi na mbavu, ndivyo ninavyoviita maumbo.

Historia ya jambo hili ina mashine mbili. Mwaka 1952 Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, nchini Marekani, ilionesha hadharani mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa kwa namba zilizotobolewa kwenye utepe. Mwaka 1963, katika taasisi hiyo hiyo, Ivan Sutherland aliwasilisha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga. Mashine moja ilijua kukata, nyingine ilijua kuchora. Kati yake palibaki ufa, na ufa huo uliendelea kuzibwa na binadamu: mtu anayeutazama mchoro, anayatambua maumbo, kisha anaamua kipi kikatwe kwanza, kwa kifaa gani, na kipande kishikwe wapi.

Juhudi za kuifundisha kompyuta kuuvuka ufa huo mara nyingi huanziwa kuhesabiwa kwenye tasnifu ya udaktari ya Lycourgos Kyprianou, Chuo Kikuu cha Cambridge, mwaka 1980, iliyohusu uainishaji wa maumbo. Mwaka 1988 Sanjay Joshi na Tien-Chien Chang walichapisha njia ambayo hadi leo hufundishwa darasani, na ambayo ni rahisi kuieleza. Kila uso wa kipande unakuwa nukta. Nyuso mbili zinazopakana zinaunganishwa kwa mstari. Kila mstari unapewa alama kuonesha kama ukingo ule umebonyea kwa ndani, kama pembe ya sakafu na ukuta, au umejitokeza kwa nje, kama ukingo wa meza. Mfereji basi unatambulika kwa urahisi: ni sakafu moja iliyoungana na kuta mbili kwa kingo zilizobonyea. Programu inatafuta mtandao wa namna hiyo, na ikiupata inatangaza kuwa imeona mfereji.

Njia hii inafanya kazi vizuri hadi maumbo yanapokutana. Chukua tofali la chuma. Chonga mfereji mmoja kutoka kaskazini kwenda kusini. Umepata nyuso tatu mpya, yaani sakafu moja na kuta mbili. Chonga wa pili, wenye kina kile kile, kutoka mashariki kwenda magharibi. Ungetarajia nyuso 6. Zihesabu: sakafu mbili zimeungana kuwa moja yenye sura ya msalaba, na kila ukuta umekatwa vipande viwili, hivyo kuta nne zimekuwa nane. Jumla ni nyuso 9. Programu inayotafuta sakafu yenye kuta mbili inakuta sakafu yenye kuta nane, na inahitimisha kuwa hapa hakuna mfereji. Mtoto wa darasa la pili angeiona mifereji miwili.

Wahenga walisema vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Kwa zaidi ya muongo mmoja baada ya hapo, sehemu kubwa ya utafiti katika fani hii ilishughulikia mgongano huo. Mwaka 1992 Raghu Karinthi na Dana Nau walionesha kwamba maumbo yanayokutana yanaweza kusomwa kwa namna zaidi ya moja, na wakaweka kanuni za kialjebra za kuzalisha usomaji mmoja kutoka mwingine. Ule msalaba wetu unaweza kuwa mifereji miwili mirefu, au mfereji mmoja mrefu na miwili mifupi, na kila usomaji unaleta mpango tofauti wa kazi na gharama tofauti. Mwaka 1993 Jan Vandenbrande na Aristides Requicha walipendekeza kwamba kompyuta iache kutafuta umbo zima na badala yake itafute dalili, kama mwindaji anayesoma nyayo. Kuta mbili zinazotazamana ni dalili ya mfereji hata kama sakafu imeharibiwa. Kipande kidogo cha uso uliojiviringisha ni dalili ya tundu hata kama sehemu iliyobaki imemezwa na umbo jingine. Na mwaka 1996 William Regli na Michael Pratt waliandika makala ambayo kichwa chake chenyewe ni swali: miingiliano ya maumbo ni nini hasa? Fani ilikuwa imeupigania mwingiliano kwa miaka mingi kabla ya mtu kusimama na kuuliza unamaanisha nini.

Swali hilo halina jibu moja, na hapo ndipo ninapotaka msomaji asiye mhandisi anisikilize kwa makini. Wapo wanaoainisha miingiliano kwa kutazama nyuso: zipi zimegawanyika, zipi zimeungana, zipi zimetoweka. Wapo wanaotazama ujazo wa chuma kinachoondolewa, na kuuliza kama ujazo wa umbo moja unaingia ndani ya mwingine. Wapo wanaotazama athari kwenye kazi. Darasani mimi hutumia makundi manne, ambayo fundi yule aliyagusa karibu yote kwa dakika mbili.

Kundi la kwanza ni mwingiliano wa utambulisho. Maumbo yanakatana hadi sura zao za asili zinapotea, kama mifereji ile miwili. Hasara yake ni kwamba msomaji, awe mtu au programu, hajui tena kilichopo.

Kundi la pili ni mwingiliano wa utaratibu. Maumbo yote yanatambulika, lakini moja likitangulia linaliharibia jingine. Tundu kwenye mteremko ni mfano halisi: toboa kwanza wakati uso bado ni tambarare, kisha kata mteremko, na kazi inakwenda, geuza utaratibu huo na biti inateleza. Tundu lililo kwenye sakafu ya mfereji kwa kawaida linataka kinyume chake, mfereji utangulie, ili biti isafiri umbali mfupi na isipoteze mwelekeo. Hakuna kanuni moja inayotosha kwa yote, na ndiyo maana uainishaji unahitajika.

Kundi la tatu ni mwingiliano wa mwili. Maumbo hayagusani popote. Mashimo mawili yametenganishwa kabisa, na programu inayotazama nyuso pekee itasema hapana uhusiano. Lakini yanagawana ukuta mmoja, na ukuta huo ukiwa mwembamba unapinda na kutetemeka chini ya kikatio. Fundi stadi huchonga pande zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo, ili ukuta usiegemee upande mmoja. Katika kundi hili pia wamo wanaoporana pa kushikia: ngazi ikikatwa mapema, jiliwa linakosa uso wa kubana.

Kundi la nne ni mwingiliano wa kusudi. Hapa chuma kinaweza kukatwa bila tatizo, ila kitu kinachotoka hakifanyi kazi kilichokusudiwa. Bolti inahitaji kikao tambarare cha kichwa chake, mteremko umekinyima. Au tundu limepimwa kutoka kwenye uso ambao umbo jingine limeshauondoa, na mkaguzi hana pa kuanzia kipimo chake.

Mwanafunzi makini atanipinga kwamba programu za leo hazimlazimishi mtu kuanza na nyuso, kwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 zimekuwa na amri za tundu, mfereji na ubavu, na zinatunza historia ya kila amri. Ni kweli, lakini maumbo ya msanifu si lazima yawe maumbo ya fundi. Msanifu anaongeza ubavu ili kipande kiwe na nguvu. Fundi hana namna ya kuongeza chuma. Kazi yake ni kupunguza. Kwake ubavu mmoja ni mashimo mawili yanayoachwa na ukuta katikati, na mwingiliano ambao msanifu hakuwahi kuuona ndiyo kwanza umezaliwa. Kitu ni kimoja, uainishaji ni miwili, na kila mmoja una haki yake.

Mwingine atasema akili unde italimaliza tatizo hili. Mwaka 2018 Zhibo Zhang, Prakhar Jaiswal na Rahul Rai walichapisha mfumo waliouita FeatureNet, unaojifunza kutambua aina 24 za maumbo kwa kuoneshwa mifano mingi, na kazi nyingine nyingi zimefuata. Ni maendeleo ya kweli na ninayafundisha. Ila mifano iliyotumika kuufunza mfumo ule ilizalishwa na kompyuta yenyewe, kutoka kwenye orodha ya maumbo ambayo watu walikuwa wameshaiamua. Mfumo unaojifunza hurithi uainishaji wa waliouandaa. Kibebeo cha mashine ya kupukuchua mahindi, kilichochongwa kwenye chuma chakavu kwa sababu chuma kipya ni ghali, hakimo kwenye orodha hiyo hadi mtu wa hapa akiweke.

Sasa nije kwenye mambo ya umma. Tumekuwa na Sera ya Maendeleo Endelevu ya Viwanda ya mwaka 1996 hadi 2020, na Dira ya Maendeleo ya Taifa ya 2025 ililenga uchumi wenye viwanda. Kabla ya hapo, kizazi cha Mwalimu Nyerere kilielewa kwamba taifa linalotaka kujitegemea linahitaji mashine za kutengenezea mashine. SIDO iliundwa mwaka 1973. TEMDO ilianzishwa Arusha mwaka 1980 ili kusanifu mitambo. Mkoani Kilimanjaro kilijengwa kiwanda cha zana za mashine kwa ushirikiano na Bulgaria, na Mang'ula, kando ya reli ya TAZARA, kulikuwa na karakana kubwa iliyotokana na ushirikiano na China. Viwanda hivyo viwili vilififia, na sababu ni nyingi. Mtikisiko wote wa uchumi wa miaka ya 1980 na ubinafsishaji uliofuata umo ndani yake. Sidai kwamba hadithi ya tundu na mteremko inaeleza kila kitu.

Ninachodai ni kidogo zaidi, na nadhani ni kigumu kukikwepa. Tumezoea kupima juhudi zetu za viwanda kwa kuhesabu vitu: viwanda vilivyozinduliwa, mitambo iliyofungwa, wahitimu waliotunukiwa, vyuo vilivyofunguliwa. Hayo yote ni maumbo. Mara chache tunahesabu mahali yanapokutana. Je, mhitimu anayesanifu amewahi kusimama mbele ya fundi anayechonga? Je, kozi ya kuchora na kozi ya karakana zinasahihishwa na watu wanaozungumza? Je, taasisi ya usanifu ikitoa mchoro, ni nani mwenye wajibu wa kusema mchoro ule unakatika kwa mashine tulizonazo? Mchagua jembe si mkulima, na mnunua mashine ya kisasa bila mtu wa kuzipangia kazi atakuwa na pambo la gharama kubwa.

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanaweza kulipima jambo hili kwenye mafaili yao. Fikiria halmashauri inayonunua pampu za maji. Mkataba unataja bei, uwezo wa pampu na muda wa dhamana. Baada ya miaka kadhaa kipande kimoja kinachakaa, dhamana imekwisha, na kipuri kinatakiwa kuagizwa nje kwa fedha za kigeni. Karakana ya mjini ina mashine ya kukikata. Inachokosa ni maarifa ya kipande: kipimo kipi ni cha lazima na kipi ni cha hiari, uso upi ni wa kuanzia vipimo, tundu lipi lilikuwepo kabla ya lipi. Fundi anakisoma kwa kukipima kilichovunjika, na kilichovunjika ndicho shahidi mbaya kuliko wote.

Upo mfumo wa kimataifa wa kubadilishana taarifa hizi, ISO 10303, unaojulikana kwa jina la STEP, unaoziruhusu programu za makampuni tofauti kusomana. Lakini faili ya STEP inayotolewa kwa kawaida hubeba nyuso na kingo tu; historia ya usanifu na majina ya maumbo huachwa nyuma. Ndani ya familia hiyo hiyo ya viwango kuna sehemu, inayoitwa AP224, iliyoandikwa mahsusi kubeba maumbo ya utengenezaji kwa ajili ya kupanga kazi. Anayeandika masharti ya zabuni bila kuijua tofauti hii atapokea ganda na kudhani amepokea yai.

Muuzaji atajibu kwamba michoro ni siri yake ya biashara, na kwa sehemu kubwa ya mtambo ana haki. Lakini kuna vipande vinavyojulikana tangu mwanzo kuwa vitachakaa, na hivyo vinaweza kujadiliwa kabla ya kusaini, wakati mnunuzi bado ana nguvu ya kusema hapana. Baada ya kusaini, nguvu hiyo haipo tena.

Kwa wanaharakati wanaojiuliza haya yanawahusu nini, nawaalika watazame barabara za miji yetu. Barabara inawekwa lami, inazinduliwa, na baada ya miezi inachimbwa kupitisha bomba la maji. Kila idara ilitekeleza mradi wake, kwa bajeti yake, na ripoti ya kila mmoja inaonesha mafanikio. Huo ni mwingiliano wa utaratibu, kundi la pili, tundu lililosahauliwa hadi mteremko ukakatwa. Kuna pia wa kundi la tatu: miradi miwili isiyogusana kwenye ramani lakini inayogawana ukuta mmoja mwembamba, yaani mhandisi mmoja wa wilaya au fungu moja la bajeti. Na wa kundi la nne: shule imejengwa kwa viwango, na kisima kimechimbwa kwa viwango, ila kisima kiko ng'ambo ya barabara kuu. Hatuna mazoea ya kuitaja migongano hii kwa majina. Tunasema "ukosefu wa uratibu", neno pana linalofunika kila kitu na kwa hiyo haliwajibishi mtu yeyote. Daktari akimwandikia kila mgonjwa kwamba "anaumwa", hatumwiti daktari. Kuainisha ni hatua ya kwanza ya kuwajibishana, kwa sababu kila aina ya mwingiliano ina mtu tofauti aliyepaswa kuuona.

Mfano wa barabara una mipaka yake. Chuma hakina ubishi, na watu wanao. Kipande kilichoharibika kinatupwa, na mtaa uliochimbwa una wakazi wanaovumilia vumbi. Tofauti hiyo inaongeza uzito wa hoja yangu. Kama wahandisi walitumia miongo kadhaa kuainisha migongano ya matundu na mifereji ili kuokoa chuma, sisi tunaosimamia maisha ya watu tuna sababu gani ya kutofanya hivyo?

Kuna suala moja ambalo hunigusa zaidi, nalo ni la lugha. Mafundi wetu wana msamiati tajiri wa vitu: jiliwa, tupa, keekee, patasi, biti, nati. Wana vitenzi pia: kukereza, kuchonga, kutoboa, kulainisha. Lakini maarifa yao ya miingiliano, ambayo ndiyo maarifa ya juu kabisa ya kazi yao, hayana majina yaliyoandikwa popote. Yanakaa kwenye sentensi kama "hapa biti itateleza", na fundi akistaafu sentensi hiyo inaondoka naye. Chuoni tunafundisha mada hii kwa Kiingereza, kwa istilahi ambazo mwanafunzi huzikariri na kuziandika kwenye mtihani. Siku anapofika karakana, hana neno la kumuulizia fundi, na fundi hana neno la kumjibu. Wawili wanaojua nusu nusu ya jambo moja wanatazamana. Ufa ule wa mwaka 1963, kati ya mashine inayochora na mashine inayokata, kwetu umekuwa ufa kati ya lugha mbili na, tuseme ukweli, kati ya matabaka mawili.

Mapendekezo yangu ni ya kawaida na hayahitaji msaada wa wafadhili. Vyuo vikuu na vyuo vya VETA viache kusahihisha mchoro usioambatana na mpango wa utengenezaji, na sehemu ya alama zitolewe na fundi wa karakana, kwa saini yake. Idara za uhandisi zishirikiane na wataalamu wa istilahi za Kiswahili kukusanya majina ya maumbo na ya miingiliano kutoka kwa mafundi wenyewe, kabla kizazi kilichopo hakijaondoka. Taasisi zetu za utafiti zianzishe maktaba ya pamoja ya vipande vinavyochakaa mara kwa mara katika mashine za kusaga, pampu na mashine za kupukuchua, kila kipande kikiwa na maumbo yake, miingiliano yake na utaratibu wa kukikata. Na maofisa ununuzi waweke kwenye mikataba sharti la taarifa za vipande hivyo. Hakuna hata moja kati ya haya linalozidi gharama ya sherehe ya uzinduzi.

Mwanafunzi yule alirudi na kompyuta yake, akaketi kwenye benchi la karakana, akauchora upya mchoro wake huku fundi akimwelekeza. Alitengeneza kikao tambarare cha kichwa cha bolti juu ya mteremko, akaupa ukuta unene wa milimita 5, na pembeni mwa mchoro akaandika kwa Kiswahili utaratibu wa kazi, hatua kwa hatua. Kipande kilikatwa siku ya pili. Mimi nilirudi ofisini na kupunguza alama nilizokuwa nimempa kwa mchoro wa kwanza. Kisha, kwa kuwa haki ni haki, nilimpa alama za juu zaidi kwa ule wa pili, na tangu siku hiyo kila mchoro unaoletwa mezani kwangu naanza kuusoma mahali mistari inapokutana.